Kengele Tisa za Studio

Kambini, 4 Machi

Mdogo wangu,

Kanda imefika Jumanne bila hata mkwaruzo. Uliifunga kwa vipande vya vitambaa vingi mpaka wenzangu chumbani walidhani nimeletewa suruali. Mrefu naye amepata shati lake na amelivaa siku hiyohiyo. Linamkaa vizuri, ila mikono imepungua kama upana wa kidole. Ama umesahau mumeo alivyo, ama amezidi kurefuka huku.

Sasa tuje kwenye shauri lenyewe. Nilikuomba unirekodie ule wimbo wa "Treni", sahani ya studio upande mmoja na ya jukwaani upande wa pili. Upande wa jukwaani sina neno. Upande wa studio umeniuzia mbuzi kwenye gunia. Baada ya ubeti wa pili, pale vyombo vyote vinaponyamaza na ile kengele ndogo inagongwa peke yake mara tisa, kengele haipo. Kuna kimya, halafu gitaa linarudi. Nimerudisha kanda mara nne. Kimya kilekile.

Wewe unajua kengele ile ni nini kwangu. Tangu tukigombania gramafoni wewe ukiwa hufiki hata mezani, wewe ni mtu wa jukwaani na mimi ni mtu wa studio, na sababu yangu siku zote ni zile kengele tisa. Sasa nahisi umenunua sahani mpya, zile wanazozitoa upya na kuzikatakata. Kama ni hivyo niambie tu, sitagomba. Kama umezikata kwa makusudi ili ushinde ubishi wa miaka ishirini, nitagomba.

Umeuliza kazi yangu ya handakini ni ipi hasa, maana Mrefu hajui kueleza kitu. Ni hivi. Kila asubuhi, baada ya baruti kulipuliwa na moshi kutoka, mtu wa kwanza kuingia ndani ya handaki ni mimi. Nina mtaimbo mrefu kuliko mumeo. Nagonga dari na kuta, hatua kwa hatua, nikisikiliza. Mwamba mzima unalia kwa sauti nyembamba, kama chuma. Mwamba ulioachana na mwenzake unalia mzito, kama mlango wa kabati. Ukilia mzito tunauangusha kabla haujajiangusha wenyewe. Nikimaliza napaka alama ya chokaa, na watu kumi na mmoja wanaingia na mashine zao kusimama chini ya alama yangu. Mumeo ni mmoja wao. Hakuna chombo cha kupimia, ni masikio tu. Ndiyo maana hapa hakuna anayelijua jina langu. Naitwa Sikio.

Mwamba wa upande huu msumbufu. Mwaka juzi ulikuwa unaimba, siku hizi umekuwa mkimya. Mwanzoni nilikuwa naangusha kila mahali, mpaka msimamizi akanijia juu: "Sikio, unataka kuushusha mlima mzima?" Sasa nimeizoea sauti yake, sichelewi tena.

Nimechoka, mgongo unauma, lakini nipo. Nitumie kengele zangu.

Kaka yako,
Sikio

*

Nyumbani, 15 Machi

Kaka,

Kwanza niombe radhi. Siyo kwa kanda, kwa mikono ya shati.

Kengele zako zipo. Sahani ni ileile yenye alama ya chai uliyoimwagia wewe ukanisingizia mimi. Nilipopata barua yako nilimwacha mteja amesimama katikati ya chumba, yule mwalimu mnene wa sekondari, gauni limejaa pini kuanzia kwapani mpaka gotini, hawezi kukaa wala kuinama. Nikaweka sahani. Nikamwambia, "Mwalimu, nisaidie kuhesabu." Vyombo viliponyamaza akahesabu kwa sauti, kama yuko darasani. "Tisa," akasema. "Sasa nitoe hizi pini kabla sijakufukuza shule."

Kwa hiyo nafikiri ni redio yako. Vumbi la kazini kwenu limejaa kwenye kichwa cha kusomea kanda. Kipanguse kwa pamba na spiriti, usitumie maji, wala usitumie mate kama ulivyozoea. Nimekutumia kanda nyingine. Nimerekodi "Treni" ya studio mara mbili mfululizo, na kabla ya kuifunga nimeisikiliza mpaka mwisho.

Halafu hebu niseme langu, maana miaka yote hukuniacha nimalize. Ya studio imepigwa vizuri mno. Kila kitu kipo mahali pake kama kabati la mtu asiye na watoto. Ya jukwaani mpiga ngoma anaharakisha, gitaa limelegea waya mmoja, na mwimbaji anasahau mstari, watu elfu kumi wanamkumbusha. Hapo mimi ndipo nywele zinanisimama. Hiyo kengele yako ni pambo la dirishani. Nimemaliza.

Mwambie mume wangu barua ya mistari mitatu si barua. Nina cherehani mbili, sina mtu wa kuongea naye isipokuwa wateja, nao wanataka kuongelea viuno vyao tu.

Mdogo wako

*

Kambini, 27 Machi

Mdogo wangu,

Nimeomba spiriti zahanati, nimepangusa, nimekausha. Nikaweka kanda mpya. Mara mbili mfululizo ulivyosema, na mara mbili kimya. Sauti ya mwimbaji inasikika, besi inasikika, ngoma zinasikika mpaka kitanda kinatikisika. Kengele hakuna.

Sasa sikiliza ujinga uliotokea Jumapili. Chumbani tuko wanne: mimi, mumeo, dereva wa lori la kifusi na mpishi wa zamu ya asubuhi. Nikamwambia Mrefu avae hedifoni asikilize, awe shahidi. Akavaa. Ubeti wa pili ukaisha. Akainua kidole, akaanza kukipiga hewani, moja, mbili, tatu, mpaka tisa, anatabasamu kama mtu aliyeona mchumba. Nikamnyang'anya hedifoni, nikarudisha, nikasikiliza. Kimya.

Nikamwambia, "Mkeo amekuandikia ucheze mchezo huu."

Akasema, "Shemeji, kengele ipo. Ting, ting. Kama kijiko kwenye glasi."

Dereva akavaa naye. Akainua kidole. Mpishi akavaa, naye kidole juu. Wote wakaanguka vitandani kwa kicheko. Mpishi akasema, "Sikio, leo tukupime sisi." Niliwaambia maneno ambayo sitakuandikia. Tangu siku hiyo mimi na Mrefu hatusemezani, hata chumvi tunapeana kupitia kwa dereva. Umeniharibia chumba kwa mzaha wako. Wewe, mwalimu wako na mumeo mmekula njama moja, na mpishi amepewa kitu.

Na nitakwambia jambo lingine, ufurahi basi. Siku hizi ya jukwaani naipenda zaidi. Nimekubali. Ya studio naiona kama imefunikwa blanketi, sijui waliirekodi vipi, haina makali yoyote. Ya jukwaani watu wanapiga makofi pale penye kengele, na makofi yale yananiingia kifuani, nayapata. Mpiga ngoma anapoharakisha naharakisha naye. Miaka ishirini nimebisha bure. Umeshinda, basi acha mchezo.

Kazini salama. Juzi kilianguka kipande mita tatu nyuma yetu, kikubwa kama meza yako ya kukatia, mahali nilipopaka chokaa asubuhi yake. Hakuna aliyeguswa, walikuwa wameenda kunywa maji. Mwamba huu una tabia mbaya, nilishakwambia.

Kaka yako,
Sikio

*

Nyumbani, 7 Aprili

Kaka yangu,

Hakuna mchezo. Soma barua hii ukiwa umekaa, na uisome peke yako.

Sijamwandikia mume wangu chochote kuhusu kengele. Mwalimu hajapewa kitu, wala mpishi simjui. Watu wanne na mimi wa tano tumeisikia katika wimbo uleule, kengele ambayo wewe huisikii. Redio si mbovu. Sahani si mpya.

Nilipofika pale uliposema ya studio imefunikwa blanketi nilicheka. Niliposoma kuhusu kipande kilichoanguka nikaacha kucheka. Nikatafuta barua yako ya kwanza, ile ya Machi, nikasoma tena pale unaposema mwamba mzima unalia kwa sauti nyembamba, na kwamba siku hizi mwamba hauimbi. Kaka, mwamba hauwezi kubadilika sauti kwa miaka miwili. Ulianza kusikia kila mahali panalia pazito. Msimamizi akakukaripia. Ukajifundisha kukubali sauti nzito kuwa ndiyo nzima. Hicho ndicho ulichoniandikia kwa mkono wako, na hukujua unaandika nini.

Ile meza uliyosema, mimi nailalia usingizi mchana nikichoka. Naujua ukubwa wake. Nilienda nikasimama pembeni yake, nikaiangalia mpaka mteja akauliza kama naumwa.

Miaka saba umeshika mashine ya kutoboa kabla hawajakupa mtaimbo, ukiziba masikio kwa pamba tu. Sikulaumu. Lakini weka mtaimbo chini. Mwambie msimamizi leo, siyo kesho. Watu kumi na mmoja wanasimama pale unapowaambia wasimame, na mmoja ni wangu.

Sijamwambia mume wangu. Nakuachia wewe uanze, kwa sababu ukisema mwenyewe utabaki na heshima yako. Lakini barua yake nimeshaiandika. Ipo chini ya cherehani, bado stempu tu.

Nijibu haraka.

Mdogo wako

*

Kambini, 18 Aprili

Dada,

Umeandika kama hakimu. Hujawahi kukanyaga ndani ya handaki, hujui mwamba unafanana vipi, lakini kwa sababu ya wimbo mmoja unanivua kazi.

Nikwambie kitu ambacho hukijui. Kugonga si masikio peke yake. Mtaimbo unatetemeka mkononi, na mkono unajua. Miguu inajua. Mtu aliyefanya kazi hii siku nyingi anauona mwamba mbovu kabla hajaugusa. Kipande kilianguka, ndiyo. Vipande huanguka hata kwa watu wenye masikio ya popo.

Na kingine. Mimi niliishia darasa la nne. Unakumbuka, maana wewe ndiye uliyeendelea. Kila asubuhi wahandisi wawili wenye vyeti vyao wanasimama nyuma yangu, mikono mifukoni, wananisubiri niseme ndiyo au hapana. Wewe unawajua watu wangapi wa darasa la nne ambao mhandisi anasimama nyuma yao? Nikiweka mtaimbo chini nitarudi kubeba kifusi, na kila atakayepita ataniita Sikio huku anacheka. Heri wangenifukuza.

Mkataba unaisha mwisho wa Juni. Ni wiki kumi. Nimefanya miaka, nitashindwa wiki kumi? Nitakuwa mwangalifu. Nitagonga mara mbilimbili. Nakuomba hilo tu, na nakuomba kama kaka, jambo ambalo sijalifanya tangu tuzaliwe.

Usimtumie Mrefu ile barua. Akijua yeye, wamejua wote.

Nataka nikwambie ukweli wote, maana sijazoea kukuficha. Dereva ana saa ya mkononi inayolia kila saa kamili. Jana, baada ya zamu, aliiacha kitandani akaenda kuoga. Niliichukua nikaiweka sikioni kuanzia saa kumi kasoro dakika tano. Nikaangalia namba zikibadilika kuwa saa kumi kamili. Sikusikia kitu. Nikaendelea kuishika hadi dakika ya tano.

Huenda mlio wake umekufa. Sijamuuliza.

Sikio

*

Nyumbani, 28 Aprili

Kaka,

Mlio haujafa.

Umeniomba kama kaka. Nimekaa na ombi lako siku nzima, sikushona hata mshono mmoja. Kila nikifika kwenye wiki kumi nahesabu zina asubuhi ngapi.

Barua ya mume wangu nimeituma leo mchana, pamoja na hii. Zitafika pamoja. Ukinichukia, nichukie. Nimeona nikuandikie mwenyewe usije ukasikia kwa mtu.

Mdogo wako

*

Kambini, 11 Mei

Mdogo wangu,

Sijui nianzie wapi, kwa hiyo nitaanza na Jumamosi.

Barua zilikuja na lori la vyakula. Nilisoma yangu nje, nyuma ya bafu. Niliporudi chumbani Mrefu amekaa kitandani na yake mkononi, ameshamaliza. Aliikunja akaiweka kwenye mfuko wa lile shati lako. Akasimama, akamimina chai, akaniletea kikombe. "Chai, shemeji." Karibu wiki sita hatujasemezana, na neno la kwanza ni hilo. Nilisubiri mengine. Hakusema. Jumapili hakusema. Jumatatu tuliingia kazini, nikagonga, nikapaka chokaa, akasimama chini yake kama kila siku. Nilitamani anitukane.

Jumatano nimegonga, nimepaka alama, nimewaita. Wote wakaingia. Mrefu alikuwa wa mwisho, na mkononi hakuwa na mashine, alikuwa na nyundo. Akaenda moja kwa moja upande wa kushoto, chini ya alama yangu, akanyoosha huo mkono wake wa twiga, akagonga. Akagonga tena.

"Shemeji, hapa panalia mlango."

Nikaenda nikagonga kwa mtaimbo. "Pazima," nikasema.

Akagonga. "Si pazima."

Kijana wa mashine, yule mwenye mdomo mrefu, akasema, "We Mrefu, unambishia Sikio? Umeanza lini?" Watu wakacheka kidogo, halafu wakaacha. Mashine ziko mabegani, kila mtu anatazama nani atasema neno la mwisho. Tena hakuna aliyesimama vizuri. Unajua mtu anavyosimama akiwa hajui aondoke au abaki? Watu kumi wamesimama hivyo.

Mdogo wangu, nakuapia, mimi nilisikia pazima. Hata sasa nikikaa nikikumbuka, kichwani mwangu panalia pazima kabisa. Mkono nao uliniambia pazima, ule mkono niliokusifia. Sikuwa na sababu yoyote ya kusema vingine, isipokuwa saa ya dereva.

Nikasema, "Tokeni wote."

Walitoka. Msimamizi akaja anatembea harakaharaka. Tukapachokonoa kwa mitaimbo mitatu, saa mbili nzima. Hapakuanguka hata kokoto. Msimamizi akaangalia saa yake, akaniangalia mimi, akamwangalia Mrefu.

"Sikio, wewe ulisema pakoje?"

"Nilisema pazima."

"Na huyu?"

"Alisema panalia mlango."

Akatikisa kichwa. "Basi shemeji yako ameingiwa na woga. Mrefu, umetupotezea asubuhi nzima."

Barua yako ilikuwa mfukoni mwa Mrefu, angeweza kuitoa. Alitazama chini tu. Na mimi nilikuwa nimeokolewa, unaelewa? Nilitakiwa kunyamaza tu. Wote walikuwa upande wangu. Nilimwona mumeo amejikunja pale, mtu mrefu vile amekuwa mfupi mbele ya watoto, kwa sababu ya kuninyamazia mimi.

Nikasema, "Bosi, si woga wake. Mimi sisikii sauti nyembamba. Sijui ni tangu lini."

Hakuna aliyecheka. Ningependa wangecheka. Msimamizi akauliza polepole, "Zile alama zote?" Nikasema ndiyo, zile zote.

Alinyoosha mkono nikampa mtaimbo. Pale mahali wamepafunga kwa vyuma na saruji, kwa hiyo hatutajua kama alisikia yeye au nilisikia mimi.

Nilipelekwa kwa daktari wa mji jirani. Wananifunika masikio, muuguzi anabonyeza kisanduku cha milio, ukisikia unainua mkono. Niliinua mara sita. Nikamwuliza amebonyeza mara ngapi. Akasema ishirini na nne. Nikamwambia nilidhani anapumzika.

Siku iliyofuata walirudia kugonga sehemu yote niliyoipaka alama mwezi huu. Viliangushwa vipande vinne. Kimoja kilikuwa kama mlango wa nyumba, na kilianguka kwa kuguswa tu. Chini ya hicho tulikuwa tunakula chakula cha mchana siku sita mfululizo, kwa sababu ndipo pakavu. Nilikitazama kimelala chini.

Mimi sasa nipo nje, nanoa vyuma vya kutobolea na kuosha malori. Hawakunifukuza.

Jambo la mwisho ndilo gumu zaidi, nalo sikupenda ulisikie kwa mtu. Walitafuta mwenye masikio. Msimamizi akasema anamjua mmoja aliyembishia Sikio peke yake mbele ya watu kumi. Mtaimbo wamempa Mrefu. Ni yeye anayeingia wa kwanza sasa.

Kaka yako

*

Nyumbani, 20 Mei

Kaka,

Nimesoma mpaka mstari wa mwisho, nikaweka barua mezani, nikaendelea kupiga pasi suti ya mtu mpaka nikaiunguza. Kola yote. Itabidi niishone upya.

Nilitaka mume wangu atoke chini ya mwamba. Nimemtanguliza mbele ya wenzake. Kwanza alikuwa anaingia baada ya mtu kugonga. Sasa anaingia wakati hakuna aliyegonga. Nimefanya hivyo mimi, kwa stempu niliyobandika mwenyewe.

Ameniandikia. Kurasa mbili, kaka! Tangu tuoane sijapata kurasa mbili kutoka kwa mtu yule. Ana furaha. Anasema wahandisi wanasimama nyuma yake na mikono mifukoni. Anasema kijana mwenye mdomo mrefu amemwita bosi, kwa utani lakini amemwita. Anajua nitamwomba akatae. Ameandika, "Wewe si ndiye uliyesema nina masikio?"

Mimi hanisikilizi. Wewe atakusikiliza. Mwambie masikio yake nayo si mazima. Mwambie umekaa naye ukaona anakosea. Yeye pia ameshika mashine ya kutoboa, miaka minne, si uongo mkubwa sana, huenda hata ni kweli. Akisikia kwako ataogopa, atarudi kwenye mashine yake, ataingia wa mwisho kama zamani. Mtaimbo atapewa mtu mwingine, na huyo mtu mwingine naye ana mke, najua. Najua, usinikumbushe.

Nilikukatalia ombi lako. Nawe una haki ya kukataa langu. Lakini naomba.

Mdogo wako

*

Kambini, 31 Mei

Mdogo wangu,

Sitamwambia.

Nilijaribu, usidhani sikujaribu. Jumapili tulikuwa wawili tu chumbani, dereva na mpishi wameenda kufua. Ameweka "Treni", ya studio, anapiga vidole kwenye chuma cha kitanda. Nikasema, "Mrefu, hebu niambie, huwa unazisikia kengele zote sawasawa?" Akazima redio. Akasema, "Ya tano na ya sita zinagongwa taratibu kuliko nyingine. Kama mpigaji alitaka kuacha, akabadili mawazo." Miaka ishirini nimeupenda wimbo ule, mdogo wangu, na hilo sikuwahi kulisikia hata nilipokuwa mzima. Nikakosa pa kuanzia uongo wangu. Nikamwambia aweke ya jukwaani. Akasema ya jukwaani ni kelele za watu wasiojua kukaa kimya. Kwa hiyo huyo ndiye uliyeolewa naye, mgombane wenyewe akirudi.

Nilitaka masikio yake yapimwe, usiku na mchana nafikiria hilo. Nilimwomba daktari amwite. Aliinua mkono mara ishirini na mbili. Mbili zilimpita, ndiyo maana amepewa maziba ya masikio ya kuvaa baruti inapolipuka na mashine zinapowashwa, na msimamizi ameamriwa kumpeleka akapimwe kila mwezi. Hilo niliomba mimi. Wengine nao sasa wamepewa maziba, wanayalalamikia kwamba yanawasha.

Nimemfundisha ninachojua. Asisimame chini ya anapogonga. Aanze kwenye mwamba aliokwisha kuukubali, asonge kwenda kule asikokujua, asianze katikati. Asimwangalie msimamizi usoni anapogonga, maana mimi ndipo nilipoharibikia. Sikuharibikia masikioni. Nilikaripiwa kwa kuchelewa, nikataka kupendeza.

Umeniuliza kwenye kila mstari, ingawa hukuandika, kama atatoka salama kila siku. Sijui. Mimi muda wote nilipaka chokaa nikiwa na uhakika. Yeye hana uhakika hata kidogo. Pale nilipogonga mara moja anagonga mara tatu.

Leo asubuhi nilisimama mlangoni na vyuma vyangu vya kunoa. Mimi simsikii akigonga, naona taa yake tu ikisogea darini. Wahandisi nyuma yake walianza kubadili miguu. Msimamizi akamfokea mara ya kwanza, akamfokea mara ya pili, kwamba saa imepita na robo yake, watu wanasubiri. Taa ilifika mwisho. Nikadhani sasa atageuka aombe chokaa. Akarudi nyuma hatua mbili, akainua mtaimbo, akaanza tena palepale.

Kaka yako